Ile Filamu ya Treni

Niligundua kwamba mwanamume ninayempenda hajui Kihindi siku ya Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi, nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, mdomo umejaa karanga. Ilikuwa imebaki siku moja tu yeye na baba yake mdogo waje nyumbani kwetu kuniposa.

Angekuwa fundi viatu ningecheka, yakaisha. Fundi viatu Kihindi cha nini? Lakini huyu bwana wangu kazi yake ni kutafsiri filamu za Kihindi. Anachukua filamu mpya, anajifungia kwenye chumba chenye kuta zilizozibwa kwa magodoro ya zamani, anasogeza maiki, kisha anawasemea waigizaji wote kwa Kiswahili, wanaume kwa wanawake, vitoto kwa vikongwe. Ana sauti nzito inayotoka chini kabisa, ndiyo maana mji mzima unamwita Besi. Mimi mwenyewe niliipenda ile sauti kabla sijamwona mwenyewe, na nilipomwona nikasema haya, basi, nimekwisha.

Kazi yangu na yake ni ndugu. Kila Alhamisi saa nane mchana nina kipindi redioni, nachambua filamu mpya za Kihindi. Nusu ya kwanza nazungumzia filamu inayokuja. Natazama trela yake ya dakika mbili, nawaambia wasikilizaji natarajia nini. Nusu ya pili nachambua filamu iliyokwisha kufika, ambayo nimeitazama yote kwa Kihindi chake, bila tafsiri ya mtu. Kihindi nilikipata utotoni kwenye duka la vitambaa alikofanya kazi marehemu mama. Wenye duka walikuwa wanakizungumza kutwa nzima, nami nilikuwa chini ya kaunta na vipande vya kuchezea. Mama alikufa, duka likafungwa, Kihindi kikabaki.

Miaka miwili na Besi tulikuwa na sharti moja: kazi hatuzungumzi. Mimi naichambua filamu ilivyo, tafsiri yake siigusi hewani. Yeye haniambii ametafsirije. Nilidhani ni heshima. Wapenzi wengine wanagombana kwa simu na ujumbe, sisi tumestaarabika! Nilikuwa najisifu hivyo, mjinga mimi.

Jumamosi ile aliniambia nisije, ana kazi nyingi. Nikaja. Nilikuwa na furaha ya kuposwa kesho, miguu haikai nyumbani. Nikakuta mlango wazi, yeye ametoka, kompyuta inacheza filamu peke yake. Ilikuwa ile ya treni. Nikaketi kwenye ndoo nimsubiri.

Filamu hii niliijua vizuri. Wiki tatu nyuma nilikuwa nimezungumzia trela yake. Kwenye trela kuna mwanamke ameshika sanduku la bati, na mwanamume mwenye masharubu makubwa anamfuta machozi kisha anambebea sanduku hadi kwenye behewa. Basi. Nikasema hewani, "Huyu bila shaka ni kaka yake anamsindikiza, na kwa masharubu yale lazima awe dereva wa lori!" Nilikuwa natania. Mwendesha mitambo wetu alicheka hadi akagonga kichwa kwenye kioo.

Filamu yenyewe ilipofika nikaona nilivyokosea. Yule si kaka, ni mume. Ni karani wa benki. Anamrudisha mkewe kwa wazazi wake kwa sababu mama yake ameamua kwamba huyu mwanamke hazai, na yeye mume hana ubavu wa kumwambia mama yake hapana. Kituoni, kabla treni haijaondoka, mke anamwambia: "Usiwaambie watu kwamba mama yako ndiye aliyenifukuza. Waambie ni wewe, maana mikono iliyobeba sanduku ni yako." Alhamisi iliyopita, siku mbili tu kabla ya Jumamosi hii, niliwaomba radhi wasikilizaji kwa kukisia vibaya, nikawatafsiria maneno hayo moja moja. Sauti ilinikatika. Ilibidi wapige muziki.

Sasa nimekaa kwenye ndoo, pale pale kituoni pamefika. Mwanamke amemwinulia mumewe uso. Kwa chini nasikia Kihindi chake, kile kile. Na kwa juu, sauti ya mpenzi wangu aliyoilegeza ifanane na ya mwanamke, inasema:

"Kaka yangu, lori uliendeshe polepole. Ukifika, nisalimie wifi."

Karanga zikanikwama.

Besi akaingia na chupa ya maji mkononi, akaniona. Akaitazama kompyuta. Akanitazama mimi.

"Umefika saa ngapi?"

"Lori liko wapi?" nikamuuliza.

"Lori gani, mpenzi?"

"La huyu kaka mtu. Filamu hii nimeitazama mara mbili, sijaona lori hata moja. Wameliegesha wapi?"

Akaiweka chupa sakafuni, akaketi mbele ya maiki, amenipa mgongo.

"Nilikusikia Alhamisi," akasema mwishowe. "Uliposema ni mume, nilijua nimekwisha. Nakala zilishatoka Jumatano. Ziko kila mahali."

"Kwa hiyo unanisikiliza."

"Kila Alhamisi."

"Unasikiliza trela, halafu unayachukua niliyokisia, unayaweka midomoni mwa watu?"

"Si yote."

"Besi, wewe unajua maneno mangapi ya Kihindi?"

Akafikiri kweli, maskini, kama mtu aliyeulizwa umri wa mama yake. "Arobaini. Labda hamsini, ukijumlisha na matusi."

Lo! Nilicheka. Nilicheka, kisha kicheko kikageuka. Filamu zaidi ya sabini! Watu wazima wanalia mbele ya televisheni zao kwa maneno ambayo hakuna aliyeyasema.

"Nilianza kwa kukisia," akasema. "Natazama nyuso, natazama mikono, natunga. Watu wakapenda. Nikajiambia nitajifunza, kesho nitajifunza, kesho kutwa. Halafu nikasikia kipindi chako. Mtu anayejua! Nikaanza kufuata unachosema kwenye trela, nikawa sikosei sana. Wewe ukikisia mara nyingi unapata."

"Siku ile uliponisubiri nje ya redio, na lile embe lako kwenye mfuko, ukasema umekuja kunishukuru..."

"Nilikuja kukushukuru kweli."

"Ulimpenda nani, mimi au kipindi changu?"

Besi hana kasoro nyingi, lakini kasoro moja anayo: ukimuuliza kitu moja kwa moja, anakujibu moja kwa moja.

"Nilianza na kipindi," akasema. "Wewe ulikuja baadaye. Sijui siku gani. Najua tu kwamba siku hizi filamu ikiwa na mwanamke anayempenda mtu, sitafuti tena maneno. Nayasema uliyoniambia wewe."

Nikambamiza kifuani na pakiti ya karanga. Zikamwagika chumba kizima, tukawa tunaziokota wote wawili kwa magoti, mimi nikilia na kumtukana kwa Kihindi, na yeye haelewi hata moja. Baadaye akaacha kuokota.

"Kesho namwambia baba yako," akasema. "Sitaki kuposa na jambo hili tumboni."

Hapo ndipo nilipofanya kosa langu. Sikusukumwa na mtu, nalisema wazi. Nilimshika mkono nikamwambia, "Thubutu! Ukimwambia baba, hunioi."

Nikamsimulia kisa ambacho kwetu hakisimuliwi. Baba alikuwa mkalimani wa mahakama miaka thelathini. Alipokuwa kijana bado, mshtakiwa mmoja alisema kwa lugha yao kwamba alimsukuma tu mwenzake. Baba, kwa uchovu, akatafsiri kwamba alimpiga. Hakimu akaandika, yule mtu akafungwa miaka sita. Kosa lenyewe baba aligundua siku ya nne, akiwa anaoga. Akavaa nguo mwili haujakauka, akaenda kwa hakimu kusema, mheshimiwa, nimekosea neno. Wakamtoa yule mtu. Lakini katika siku zile nne gerezani alikuwa amepigwa, jicho moja likatoka. Baba akashushwa cheo, akawekwa masjala miaka miwili, hakulalamika. Tangu hapo kwetu neno ni neno. Ukisema umechelewa kwa sababu ya mvua, anachungulia nje aone kama kumelowa.

"Mtu kama huyo," nikamwambia Besi, "utamweleza kwamba umekula miaka mitano kwa kubuni maneno ya watu?"

"Ndiyo maana nataka kumweleza."

"Akikuuliza, nyamaza. Kihindi hajui. Anayejua ni mimi peke yangu."

"Na amesema nilete kazi yangu aione."

"Leta ya zamani."

"Shangazi yako amenipigia simu jana. Amesema mzee anataka ile mpya. Ile ya treni."

Nikashangaa kidogo. Baba kaiona wapi ile ya treni? Labda kwenye bango, nikajisemea, mabango yake yamejaa hadi kwenye nguzo za umeme. Baba filamu hajali. Kipindi changu chenyewe hakijawahi kusikika nyumbani. Ukimuuliza, anasema hana muda wa mambo ya kuimba kwenye milima.

"Niapie," nikamwambia Besi. "Niapie kwamba hutafungua mdomo."

Akaapa, lakini alikuwa anatazama karanga.

*

Jumapili saa tisa alasiri sebule yetu ilikuwa imepigwa deki mara mbili. Shangazi, dada yake baba, alinifunga mshipi wa gauni kwa nguvu hadi pumzi ikawa ya kuazima.

"Shangazi, utaniua!"

"Kufa ukishaolewa," akasema. "Simama wima. Na usiongee sana, wewe ukianza hunyamazi, utafikiri uko redioni."

Wakaja. Besi na shati jeupe ambalo mikunjo ya dukani bado inaonekana. Baba yake mdogo, mzee seremala, ana vidole vipana na hajui aviweke wapi. Akasalimia, "Shikamoo, kaka," ingawa kwa umri huenda yeye ndiye mkubwa. Baba akajibu, "Marahaba," kwa adabu, akawaonyesha viti.

Mazungumzo ya posa yalikwenda vizuri, vizuri kupita nilivyotarajia. Baba mdogo alisema kijana wao si mlevi, si mgomvi, na alimtunza mama yake hadi siku ya mwisho. Shangazi akasema binti yao hapiki vizuri lakini ana moyo. Wakacheka. Baba naye akacheka kidogo, nikaona jino lake la pembeni ambalo huwa halionekani. Nikamtazama Besi. Alikuwa amenitazama tangu mwanzo. Tulitazamana hivyo kama sekunde tatu, na katika hizo sekunde tatu nilikuwa mke wake, nina nyumba, nina mapazia.

"Haya," baba akasema. "Mtu nimeshamsikia. Sasa niione kazi yake."

Shangazi akachomeka flashi kwenye televisheni. Filamu ikaanza, sauti ya Besi ikajaa sebule.

"Mama yangu!" shangazi akaruka. "Ni wewe kweli? Mimi miaka yote nilidhani ni mashine!"

Besi akatabasamu bila meno. Tukatazama. Wimbo wa kwanza, wa pili. Shangazi alishaanza kumchukia mama mkwe wa kwenye filamu, ambaye kwenye tafsiri alikuwa shangazi mchawi, akawa anamwambia, "Ona uso wake! Ona!" Baba alikuwa amekaa mbele kabisa ya kiti, rimoti mkononi, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Sijui kama alikuwa anatazama. Alikuwa anasikiliza.

Kituo cha treni kikafika. Mwanamke akainua uso. "Kaka yangu, lori uliendeshe polepole. Ukifika, nisalimie wifi."

Baba akabonyeza, picha ikasimama. Akarudisha nyuma. Tukasikia tena. Akarudisha tena, mara ya tatu. Kihindi cha yule mwanamke kilikuwa kinasikika kwa chini, waziwazi, kila neno.

"Mama," baba akaniita. Huwa ananiita mama, jina la mama yake. "Mimi lugha hii siijui. Wewe unaijua. Huyu mwanamke amesema nini hapa?"

"Amesema hivyo alivyosema Besi, baba."

"Neno kwa neno?"

"Neno kwa neno."

"Na huyu mwanamume ni kaka yake."

"Ni kaka yake."

"Nitazame."

Nikamtazama. Nilimtazama baba yangu machoni, yale macho yenye duara la kijivu pembeni siku hizi, sikupepesa. Nikasema, "Ni kaka yake, baba. Dereva wa lori."

Hata sauti haikutetemeka. Mimi ni mtu wa redio.

Kiti kikasogea. Besi alikuwa amesimama.

"Mzee," akasema, "si kaka yake."

"Kaa chini!" nikamwambia.

Baba yake mdogo akamvuta shati. Hakukaa.

"Ni mume wake. Na hajasema hayo maneno. Hakuna lori. Mimi Kihindi sijui, mzee. Sijawahi kujua. Nimekuwa nakisia, na nimekuwa nachukua maneno ya binti yako redioni. Yeye amejua jana. Nilitaka kukwambia mwenyewe."

Shangazi akashika mdomo. Baba yake mdogo akafunga macho. Nikangoja baba apasuke. Niliomba apasuke, maana najua baba akipasuka hutulia baadaye.

Hakupasuka. Aliweka rimoti juu ya meza taratibu.

"Kaa, kijana," akasema. "Nakushukuru. Hayo nayajua tangu Ijumaa."

"Unayajua?" nikasema.

"Alhamisi saa nane mchana mimi huwa kwa kinyozi," baba akasema, bila kunitazama. "Sina nywele za kunyoa kila Alhamisi. Ana redio nzuri. Miaka sita sijakosa hata mara moja. Nilikusikia ukisema ni dereva wa lori, tukacheka wote pale. Na juzi Alhamisi nikakusikia ukisema umekosea, ni mume, ukayasema maneno ya yule mwanamke kuhusu mikono yake, ukashindwa kumaliza. Kinyozi alizima mashine. Niliona fahari, mama. Nikamwambia, huyu ni mwanangu. Amekosea neno na amerudi kulisahihisha mbele ya watu wote."

Nikaigeukia ile picha iliyosimama.

"Ijumaa nikapita tena, kinyozi ana hii filamu kwenye televisheni yake, imetafsiriwa. Nikasikia lori. Nikajua, huyu kijana anabuni. Nikaenda nyumbani nikafikiri. Nikasema, ni kosa, lakini kosa linarekebishika. Mtu hufundishwa lugha. Na binti yangu anaijua, atamfundisha. Wakija Jumapili nitamuuliza yeye, si kijana. Ataniambia kweli, kijana ataona haya, tutazungumza, nitawapa. Nilikuwa nimeshawapa." Akanyanyua uso. "Sikuwa namjaribu yeye."

"Baba..."

"Umenitazama."

"Baba, niliogopa!"

"Umenitazama machoni, mama, na sikuona kitu. Mimi nimesimama miaka thelathini kati ya waongo na hakimu. Wote nilikuwa naona kitu, jasho, mdomo, mkono. Kwako sikuona."

Nikapiga magoti pale pale kwenye zulia. Shangazi akaanza kulia kabla yangu. Baba akawageukia wageni, na sauti yake ilikuwa ile ya mahakamani ambayo nilikuwa nimeisikia mara moja tu utotoni.

"Kaka," akamwambia mzee seremala, "kijana wenu sina neno naye. Lakini posa nairudisha. Mtu akiniomba mtoto, ananiomba pia nimdhamini mtoto huyo. Nimwambie, akisema ndiyo ni ndiyo. Leo siwezi kumdhamini huyu. Nitakuwa nawadanganya."

"Kaka, ni mtoto," baba mdogo akasema. "Mapenzi tu hayo."

"Najua ni mapenzi," baba akasema. "Ndiyo maana naogopa."

Hawakukaa zaidi. Nilimfuata Besi hadi nje, viatu sikuvaa. Baba yake mdogo alitangulia, akatuacha kwenye geti.

"Atatulia," nikamwambia. "Namjua baba. Mwezi mmoja, miezi miwili. Utarudi na mjomba wako, yule mwenye maneno matamu. Nitakufundisha Kihindi, kila siku, neno kwa neno. Besi, nisikilize."

Alikuwa ananitazama vile anavyotazama skrini akiwa anatafuta maneno. Nilijua sasa anatazama nini, nyuso na mikono.

"Uliniapisha," akasema.

"Kwa ajili yako!"

"Najua. Kosa ni langu, nimelileta mimi mlangoni kwenu." Alinifuta machozi kwa kidole gumba. "Lakini ungesema kweli mle ndani, ningeaibika leo, kesho ningerudi kuomba tena. Sasa nirudi kuomba nini? Kila ukiniambia unanipenda nitakumbuka ulivyomtazama yule mzee."

"Wewe! Wewe uliyewadanganya watu filamu sabini!"

"Ndiyo. Kwa hiyo ninajua vizuri jinsi inavyokuwa rahisi." Akauachia uso wangu. "Na mimi ningekuamini. Hilo ndilo linaloniogopesha. Ningekuamini maisha yangu yote."

"Utafanya nini?"

"Kesho nitakwenda kuomba kazi kwa baba mdogo. Mbao hazisemi."

Nikamshika shati, mkunjo wa dukani ukabaki mkononi mwangu. Akaviondoa vidole vyangu kimoja kimoja, kwa upole, kama mtu anayemvua mtoto viatu, kisha akaenda kumfikia mzee wake. Hakugeuka. Nilisimama pale hadi jirani akanyamazisha redio yake ili aweze kunitazama vizuri.

Niliporudi ndani, shangazi alikuwa jikoni anaosha vyombo visivyo vichafu. Baba alikuwa peke yake sebuleni, mbele ya ile picha iliyosimama, mwanamke na uso wake umeinuliwa. Alinisikia nikiingia.

"Kaa," akasema.

Nikakaa chini, karibu na mguu wake. Hakuusogeza.

"Bado nusu saa," akasema. "Nataka kujua mwisho wake. Nitafsirie. Kama anavyosema, usiongeze, usipunguze."

Akabonyeza rimoti. Treni ikaanza kutembea. Mwanamke alikuwa dirishani, mume amebaki chini, ameinua mkono, hajui kama apunge au ashushe. Yule mwanamke akasema jambo, refu, taratibu. Na juu yake Besi alikuwa anaongea, ameilegeza sauti, anasema maneno ambayo najua yalitoka wapi. Niliyasema mimi, asubuhi moja ya mvua, kwenye kile chumba cha magodoro, naye alikuwa amelala kwenye mapaja yangu.

"Anasemaje?" baba akauliza.

"Sisikii, baba."

"Huna masikio?"

"Ninayo," nikamwambia. "Lakini namsikia yeye tu."

Baba alikuwa na rimoti mkononi. Hakuzima, nami sikumwomba azime.